Urembo wa amplifaya ya zamani una kazi yake

Siku niliyokwenda kuchukua sanduku la amplifaya yangu kwa fundi makochi kule Ngamiani, nililikuta limevalishwa ngozi mpya ya bandia, linang'aa, pembe zimekunjwa vizuri hata huoni gundi ilipopita. Fundi alikuwa amesimama pembeni akisubiri nifurahi. Nikapitisha kiganja juu ya sanduku, laini kutoka mwanzo hadi mwisho.

"Fundi, yale matundu ya hapa juu yako wapi?"

"Nimeyaziba, kaka. Yalikuwa yanaharibu sura, halafu mende walikuwa wanaingilia humo. Nimeweka kipande cha plaiwudi, nikavuta ngozi juu yake. Hata alama huoni."

Sikugombana naye. Nilimpelekea sanduku tupu, mitambo nimeiacha nyumbani, na sikumweleza kinachokaa ndani. Yeye aliona sanduku bovu, akalitengeneza kama anavyotengeneza kochi.

Amplifaya yenyewe ni ya gitaa, Vox AC30, ya kampuni iliyokuwa Dartford, Uingereza, ya miaka ya 1960. Ina wati 30, spika mbili za inchi 12, na valvu nne za EL84 zinazosukuma sauti. Valvu hizo ni kama taa za kioo zinazowaka kwa joto kali, na katika mtambo huu zinakula umeme mwingi hata mpigaji akiwa amenyamaza. Joto lote hilo linapanda juu. Yale matundu yenye vifuniko vyake vya rangi ya shaba, ambayo kila mtu anayaona ni pambo, ndiyo dohani yake. Ukiyaziba unaupika mtambo ndani ya sanduku lake. Tulikata ngozi ile siku ileile, kwa wembe, fundi mwenyewe akiwa ameshika taa.

Tangu hapo nimekuwa na msimamo mmoja ambao wenzangu wanaopenda vyombo vya zamani hawaupendi sana: tusianze kutafuta kipande cha amplifaya kwa kuangalia kitakavyopendeza. Tuanze kwa kuuliza kile cha zamani kilikuwa kinafanya nini. Mshikio unabeba mzigo, kona za chuma zinapokea pigo, kitambaa cha mbele kinailinda karatasi ya spika, paipingi, ule utepe wa mviringo kama kamba, inaziba mwanya kati ya mbao na mbao ili isitetemeke. Kipande kikishajulikana kazi yake, utashangaa jinsi kinavyopatikana hapahapa Tanga. Kisipojulikana, utaagiza kitu kizuri kutoka ng'ambo na bado utaharibu chombo.

Na vyombo vyenyewe tunavyo, au tulikuwa navyo. Huu ni mji wa Atomic Jazz na Jamhuri Jazz. Ni mji ambao Black Star na Lucky Star waliingiza gitaa na besi za umeme kwenye taarabu, watu wa pwani nzima wakageuza shingo kusikiliza. Muziki huo haukupigwa kwa upepo. Ulipita kwenye masanduku, na masanduku mengine ya enzi hiyo bado yapo stoo, chini ya magodoro, nyuma ya kabati za watu ambao baba zao au wajomba zao walikuwa wanamuziki. Langu lilikuwa la mjomba. Lilikaa Chumbageni miaka mingi likiwa meza ya kuwekea televisheni.

Bahari imeyatafuna. Hewa yetu ina chumvi, na chumvi haina huruma na chuma kilichopakwa nikeli. Kona za sanduku langu zilikuwa zimevimba kutu hadi skrubu hazijulikani zilipo. Mshikio wa ngozi ulikuwa umekauka na kupasuka katikati. Kitambaa cha mbele kilikuwa na tundu la ukubwa wa ngumi.

Hapo kwenye kitambaa ndipo ninapotaka kukaa, kwa sababu ndipo watu wengi wanapokosea. Kitambaa cha Vox kina nakshi ya almasi: cha kahawia kwenye zile za mwanzo zenye ngozi ya rangi ya mchanga, cheusi kwenye zile za baadaye. Mtu akikiona kimechanika anakwenda dukani kutafuta kitambaa kinachofanana kwa nakshi, na anarudi na kitambaa cha pazia. Kizito, kimesukwa kwa kubana, pengine kina mpira nyuma yake. Anakivuta, anakipigilia, sanduku linapendeza, halafu gitaa linasikika kama linapigwa chumba cha pili. Nyuzi nyembamba zimepoteza makali, na mtu anaanza kuwalaumu valvu na fundi redio.

Mimi nakijaribu kitambaa hivi. Kwanza nakiweka mdomoni na kupuliza: pumzi ipite bila kulazimishwa. Pili, nakwenda nacho nyumbani kipande cha nusu mita, nakitandaza mbele ya spika ya redio, nasikiliza mtangazaji akitamka "s" na "sh". Nakiondoa, nakirudisha, nakiondoa tena. Sauti hizo zikififia kila kitambaa kinaporudi, hakifai, hata kama rangi yake ni ileile. Kwa njia hii nilipitia vitambaa vingi vya soko la Mgandini kabla ya kupata kimoja cha nyuzi za plastiki kilichosukwa kwa uwazi, ambacho kwa sasa kimekaa kwenye amplifaya ya rafiki yangu. Hakina almasi. Sauti yake ni safi.

Kuna aliyeniambia nitumie kitambaa cha katani, maana Tanga ndiyo nyumbani kwa mkonge. Wazo lilinigusa, nikalijaribu. Gunia la katani linapumua vizuri, lakini linamwaga vumbi la nyuzi, na vumbi likiingia kwenye mwanya mwembamba wa koili ya spika linakwaruza. Mkonge ubaki kwenye kamba.

Kwa langu niliagiza kitambaa chenye almasi, nasema wazi. Wapo watengenezaji Uingereza na Marekani wanaofuma upya vitambaa vya aina hii, na maduka kama Mojotone ya Marekani yanauza ngozi, vitambaa, mishikio na kona za amplifaya za zamani. Si dhambi kuagiza. Ila kabla hujatoa pesa, jua chombo chako ni cha lini, kwa sababu sura zilibadilika upesi. Amplifaya ya Fender ya mwaka 1968 inaweza kuwa na ukingo wa alumini kuzunguka kitambaa ambao ukiupachika kwenye ile ya mwaka 1965 umeivalisha nguo ya mdogo wake. Marshall za mwanzo zina bamba la mbele la plastiki ngumu, na mwaka 1969 wakahamia kwenye alumini. Na ukishajua mwaka, pima. Mimi niliagiza paipingi kwa muuzaji mmoja wa mbali kwa kuangalia picha tu, ikaja nene kuliko mfereji wake kwenye mbao. Nauli na ushuru vilikuwa vimeshaizidi bei ya paipingi yenyewe. Ile iliyopo sasa niliipata kwa mtu anayeshona viti vya mabasi, akanikatia mita mbili kwa bei ya soda kadhaa, na inaingia kama ilizaliwa humo.

Kufunga kitambaa ni kazi ya subira. Anza katikati ya ubao, juu, pini moja. Kisha katikati chini. Kisha kulia na kushoto. Ndipo uende ukielekea kwenye pembe kidogo kidogo, kila mara ukitazama mstari wa almasi na kuulinganisha na ukingo wa ubao. Ukianzia kwenye pembe, almasi zitapinda kama samaki waliokauka, na jicho litakwenda hapo kila siku ya maisha yako.

Mshikio ni jambo fupi: AC30 ina uzito wa kilo zaidi ya 30, basi usiweke ngozi ya bandia. Nenda kwa fundi viatu, mwambie akushonee ngozi ya ng'ombe mikunjo miwili yenye utepe wa nailoni katikati. Anaijua kazi hiyo kuliko duka lolote la muziki.

Skrubu ndizo zilizonitesa. Vyombo vya Uingereza vya enzi hizo vina bolti za vipimo vyao vya zamani, vile vinavyoitwa BA, na si zile za milimita tunazozikuta madukani leo. Bolti ya 2BA ina unene wa milimita 4.7. Utaiona kama ya milimita 5, utailazimisha ya milimita 5, na utang'oa meno ya nati iliyodumu miaka 60. Nobu, vile vitufe vya kuzungusha, nazo zina mtego wa jinsi hiyohiyo. Mhimili wa nobu kwenye vyombo vingi vya Uingereza na Marekani vya zamani ni robo inchi, yaani milimita 6.35, wakati nobu nyingi za dukani leo zina tundu la milimita 6. Watu wanalichokonoa tundu kwa bisibisi ya moto, nobu inakaa kombo. Heri uwaendee mafundi redio wa zamani. Makopo yao yana nobu za redio za Kiingereza zilizokufa, na tundu lake ni lileile. Nilimkuta mzee mmoja Makorora, nikampa shikamoo, nikamweleza shida yangu. Akamwaga kopo zima juu ya mkeka, akaniambia, "Chagua mwanangu, hizi zilikuwa zinamsubiri mtu." Nilitoka na nobu tano. Hazifanani na za Vox, na hazichezi hata kidogo.

Jambo la rangi nilijifunza nilipoing'oa kona ya kwanza. Chini ya kutu palikuwa na pembetatu ndogo ya ngozi ambayo haijaonja jua tangu sanduku litoke kiwandani. Rangi yake ilikuwa ya mchanga mbichi, yenye uwaridi kidogo ndani yake, si ile ya chai tuliyoizoea sote nyumbani. Mjomba alipolishika mara ya kwanza, ndivyo alivyoliona. Nilikaa pale sakafuni na bisibisi mkononi muda mrefu. Kipande hicho nimekikata na kukiweka kwenye bahasha pamoja na kitambaa cha zamani, paipingi iliyokatika na mshikio uliopasuka. Kila unachokitoa, kitunze. Anayekuja baada yako apate pa kupimia.

Ninachokipinga kwa nguvu zangu zote ni hii tabia ya kununua amplifaya ndogo nzima, yenye afya yake, ili kuichuna kona na bamba la jina uipambe kubwa. Bamba la jina halibebi mzigo wala halizuii vumbi. Chombo kikikaa bila jina kinapiga vilevile. Lakini kile kilichochunwa kinaishia kwa watu wa vyuma chakavu, na hakuna mtoto wa Tanga atakayejifunzia gitaa juu yake. Sioni pambo linaloweza kulipia hilo.

Na tafadhali, wakati wa kung'oa na kupigilia, utoe mtambo nje ya sanduku, au mwachie fundi anayeujua autoe. Kuchomoa waya ukutani hakutoshi. Kapasita za ndani, zile zinazohifadhi umeme, zinaweza kushika volti mia tatu na zaidi baada ya kuzimwa.

Langu sasa linapiga. Kiganja changu kikikaa juu ya matundu nasikia joto likitoka kama linavyotakiwa. Kifuniko kimoja cha tundu kilipotea siku zile za kochi, na mahali pake seremala wa mtaani kwetu amenichongea cha mvule, chenye nafasi zilezile za hewa, nilizipima kwa rula moja baada ya nyingine. Kwa chini amekiandika mwaka kwa penseli.