Mtoto mwenye usonji si mtundu
Makala yenu ya kuelekea Aprili 2, siku ambayo Umoja wa Mataifa uliitenga mwaka 2007 kwa ajili ya uelewa wa usonji (hali ya ukuaji wa ubongo inayoathiri mawasiliano na tabia), imewahimiza wazazi wawahi kuwafikisha watoto hospitalini, na ushauri huo ni sahihi; ila haikugusa maisha ya nyumbani. Mwanangu wa miaka minne huziba masikio na kujitupa chini honi ya daladala inapolia, na abiria huona ni deko. Kilichotusaidia zaidi ni picha za kikombe, mswaki na viatu tulizozibandika ukutani kwa mpangilio wa asubuhi, akawa anajua kinachofuata ingawa bado hatamki. Ingefaa halmashauri ziwapatie walimu wa awali mafunzo ya namna hiyo, badala ya watoto hawa kurudishwa nyumbani kwa kisingizio cha utundu.