Kiduha: mbegu yenye dawa au desmodiamu?

Mkulima wa Kanda ya Ziwa anayekuta mahindi yake yamejikunja majani na kupauka siku moja baada ya mvua nzuri hahitaji kuambiwa kuna nini chini. Akichimbua shina moja taratibu ataona nyuzi nyeupe zimeng'ang'ania mizizi ya muhindi, na wiki chache baadaye maua ya zambarau yatachomoza juu ya ardhi. Hicho ndicho kiduha, ambacho Wajaluo wa Kenya hukiita kayongo: gugu kimelea linalonyonya maji na chakula cha mahindi, mtama, uwele na hata mpunga wa nchi kavu.

Ushauri wa siku zote wa mabwana shamba ni kuling'oa kabla halijachanua. Ushauri huo ni sahihi, lakini wanaowaita wakulima wavivu kwa kutoufuata wanasahau jambo moja: sehemu kubwa ya madhara hutokea gugu likiwa bado ardhini, kwa hiyo anayeng'oa haokoi mavuno ya mwaka huu, bali anapunguza deni la miaka ijayo. Mche mmoja huweza kutoa mbegu zaidi ya 50,000, laini kama ugoro, na mbegu hizo hulala udongoni miaka 10 na zaidi zikisubiri kemikali inayotolewa na mzizi wa nafaka. Marekani, kiduha kilipogunduliwa katika majimbo ya Carolina mwaka 1956, serikali iliweka karantini na kuingiza gesi ya ethilini ardhini ili mbegu ziote pasipo mmea wa kunyonya na kufa. Huku kwetu mkulima ana jembe na mgongo wake.

Ndiyo maana mbegu yenye dawa ilipokewa kwa matumaini ilipozinduliwa Kenya mwaka 2005 kwa jina la Ua Kayongo. Ni mahindi yanayostahimili dawa ya kuua magugu iitwayo imazapiri, na punje hupakwa dawa hiyo kabla ya kuuzwa, hivyo kiduha hufa kinapojaribu kushika mzizi. Faida yake ni kwamba inaokoa mavuno ya msimu huohuo, bila kubadili mpangilio wa shamba. Hata hivyo mbegu hununuliwa upya kila msimu, mvua kubwa huweza kuichukua dawa mapema, na maharage yakitiwa shimo moja na mahindi hayo hudhurika. Asiyenawa mikono kabla ya kushika mbegu nyingine huzipelekea nazo sumu.

Upande wa pili uko mfumo wa vuta-sukuma, ulioendelezwa na ICIPE, kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu, huko Mbita, Kenya, kando ya Ziwa Victoria. Desmodiamu, mmea wa malisho wa jamii ya mikunde, hupandwa katikati ya mistari ya mahindi. Mizizi yake hutoa kemikali zinazoamsha mbegu za kiduha na nyingine zinazozuia mzizi wa kiduha kuifikia mizizi ya mahindi, huku ikirutubisha udongo kwa naitrojeni. Harufu yake huwafukuza nondo wa bungua wa mabua, na matete (majani ya tembo) yanayozunguka shamba huwavuta. Zaidi ya hayo, desmodiamu na matete ni malisho.

Kwa hoja za udongo, desmodiamu inashinda, na sioni haja ya kuzungukazunguka. Kiduha hustawi kwenye ardhi iliyochoka, na dawa hairudishi rutuba. Lakini watetezi wake huzungumza kana kwamba kila kaya ina ng'ombe wa kulishwa majani hayo. Asiye na mfugo wala mteja wa malisho ametoa nafasi ya maharage, yaani kitoweo cha nyumbani, kwa mmea usiolika, ambao msimu wa kwanza hukua polepole na unataka palizi ya uangalifu kwa sababu kibarua asiyeujua huung'oa pamoja na magugu.

Yupo pia anayekodi shamba, ambaye mjadala huu humpita kando. Desmodiamu hukaa ardhini miaka kadhaa, naye ana msimu mmoja au miwili. Shamba likipona, mwenye ardhi ana kila sababu ya kulirudisha mikononi mwake au kupandisha kodi. Kwa mtu huyo, mbegu yenye dawa pamoja na samadi kidogo ni hesabu ya mwenye akili timamu, na bwana shamba anayemhimiza apande desmodiamu aanze kwanza kumuuliza mkataba wake unaisha lini.