Saa za mapumziko si saa za usingizi

Meli nyingi ndogo za mizigo bado huendeshwa kwa zamu ya saa sita kazini, saa sita mapumziko, na mimi naona mtindo huu ufutwe. Nahodha na msaidizi wake mmoja hupokezana mchana na usiku, wiki baada ya wiki. Kwenye karatasi kila mmoja anapumzika saa 12 kwa siku, ilhali mkataba wa kimataifa wa STCW, unaoweka viwango vya mafunzo na zamu za mabaharia, unadai angalau 10 katika kila saa 24, na 77 kwa wiki. Mkaguzi akipanda melini atakuta daftari safi.

Sasa zichambue hizo saa sita. Baharia anakabidhi zamu, anakula, anaoga, anamalizia makaratasi, kisha anaamshwa mapema ili awahi kupokea. Usingizi unabakiwa na saa nne, pengine tano, huku injini ikinguruma na chombo kikiyumba. Na mwili haujui ratiba ya meli. Unafuata giza na mwanga, na kuanzia saa tisa usiku hadi alfajiri unadai kulala, hata kama mbele kuna taa za meli nyingine.

Bandarini ndiko kubaya zaidi, maana anayesimamia upakiaji ndiye huyohuyo aliyepaswa kulala. Aprili 3, 2010 meli ya makaa ya mawe Shen Neng 1 ilipanda mwamba wa matumbawe katika Great Barrier Reef, Australia, muda mfupi baada ya kuondoka bandarini. Wachunguzi walibaini kuwa afisa aliyekuwa zamuni alikuwa amelala saa mbili na nusu tu katika saa 38 na nusu zilizotangulia. Mahali pa kugeuza meli palimpita. Siwezi kumwita mtu huyo mzembe.

Siku hizi kuna kengele ya kumshtua afisa asipoonyesha dalili ya kuwa macho. Ni kifaa kizuri, ila humwamsha mtu bila kumrudishia akili iliyochoka, na aliyechoka sana huwa wa mwisho kujua kwamba amechoka.

Ninachotaka ni afisa wa tatu, ili zamu iwe saa nne kazini na nane mapumziko. Wenye meli watalalamikia mshahara wake. Idadi ya chini ya mabaharia, hata hivyo, hupangwa kwenye cheti kinachotolewa na nchi ambayo meli inapeperusha bendera yake, na hapo ndipo pa kubana: meli isiyo na maafisa watatu wa zamu isipewe cheti hicho.