Slaidi zimenishinda, jamani

Walimu wenzangu, hivi ni mimi tu? Vishikwambi vilivyotumika kwenye Sensa ya 2022 tukagawiwa, tukaambiwa haya, fundisheni kidijitali. Sawa. Bando ananunua nani? Mimi! Usiku kucha napanga slaidi za usanisinuru: jani la kijani, mishale ya mwanga, hadi nikajisifu mwenyewe. Asubuhi nafungua kwenye kompyuta ya shule, maandishi yamegeuka vijisanduku na mshale wa jua umehamia mizizini. Mizizini, jamani! Natengeneza. Waya wa projekta hauingii. Waya ukapatikana, umeme huo ukakatika. Narudi kwenye chaki yangu, mtoto wa Kidato cha Pili ananyoosha mkono: "Mwalimu, ungehifadhi kwa PDF." Na wewe jana usiku ulikuwa wapi?