Kwanza karatasi, penseli baadaye

Kila anayetaka kuanza kuchora huniuliza swali lilelile: ninunue penseli gani? Mara nyingi huwa ameshanunua. Ana kasha la bati lenye penseli 12, zimepangwa kuanzia ngumu hadi laini, na chini yake bunda la karatasi za fotokopi. Kwa maoni yangu hapo amegeuza mambo juu chini, na kwa sisi tunaoishi Mombasa kosa hili hutugharimu zaidi.

Mimi nililijua barazani, Ndia Kuu, ile barabara ya Mji wa Kale, msimu wa masika. Nilikaa mbele ya mlango wa nakshi tangu baada ya alasiri, nikihangaika na ua moja lililochongwa kwenye mfaa, ule mti wa katikati ya mlango. Kivuli hakikukolea. Nikikandamiza, penseli yateleza. Nikisugua raba, karatasi yatoa manyoya kama pamba, mwisho ikatoboka. Nikailaumu penseli, nayo haikuwa na kosa.

Karatasi ya fotokopi ina uzito wa gramu 80 kwa mita ya mraba, na uso wake umelainishwa ili ipite kwenye mashine bila kukwama. Penseli haitaki ulaini huo. Fikiria mbuzi ya kukunia nazi: karatasi ndiyo mbuzi, penseli ndiyo nazi. Mbuzi ikiwa butu, utakuna mpaka mkono ukuume na tui usilipate. Karatasi ya kuchorea ina meno madogo yanayoikwangua penseli na kushika ule unga wake, tabaka juu ya tabaka, mpaka weusi ukolee.

Halafu kuna hewa yetu. Karatasi ni nyuzi za mimea, na nyuzi hizo hufyonza unyevu na kuvimba. Huku pwani unyevu haupungui sana hata kiangazi, na mkono nao watoka jasho. Karatasi nyembamba hulegea na kupinda pembeni. Ukipitisha penseli ngumu juu yake, badala ya kuacha mstari huchimba mtaro, na mtaro haufutiki kwa raba yoyote. Ndiyo maana nasisitiza uzito: angalau gramu 150, na ukiweza 200. Bei ikikushinda, usinunue daftari zima. Nunua shiti moja kubwa uikate vipande vinne. Manila nyeupe yafaa kwa mazoezi, ila usiichoree kitu unachotaka kikae miaka, kwani hugeuka manjano. Kwa kazi ya kuhifadhi, tafuta karatasi isiyo na asidi. Na dukani usione haya kuigusa: pitisha kidole gumba juu yake, uinamishe kwenye mwanga uone kama uso una chembechembe. Muuzaji mzuri atakuelewa.

Penseli zenyewe sina mengi ya kusema. Ile tunayoiita risasi si risasi, ni grafaiti, madini laini meusi, iliyochanganywa na udongo na kuchomwa, njia iliyobuniwa na Mfaransa Nicolas-Jacques Conté mwaka 1795. Udongo ukizidi, penseli huwa ngumu, hizo ndizo za H. Grafaiti ikizidi huwa laini na nyeusi, hizo ndizo za B. Zinatosha tatu: HB iliyo katikati, 2B, na 6B iliyo laini zaidi. Wala usishangae 2B ya kampuni moja kuwa nyeusi kuliko 2B ya nyingine. Zilizobaki kwenye lile kasha la 12 utazigusa mara chache sana, na pesa yake ingekununulia karatasi ya miezi.

Namsihi hasa mzazi anayemnunulia mtoto vifaa. Mtoto akichora kwenye karatasi isiyoshika kivuli, hatasema karatasi ni mbaya. Atasema yeye hajui kuchora, na ataacha. Hilo huniuma.

Chonga kwa wembe, maana hewa ya bahari hushikisha kutu vichongeo haraka. Weka kipande cha karatasi safi chini ya kiganja unapochora. Na michoro usiiegemeze kwenye ukuta wa mawe ya matumbawe, kwani kuta hizo huvuta maji na kuvu hufuata. Mimi yangu huilaza ndani ya bati lenye kifuniko, pamoja na vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu.

Ule mlango niliurudia Januari, kaskazi ikivuma, na kipande cha karatasi ya gramu 200. Penseli ilikuwa ileile 2B, imebaki urefu wa kidole. Ua la kwenye mfaa nililifuta mara tatu, na mara ya nne likakaa. Karatasi haikutoa hata unyoya mmoja.