Bili ya Maandamano Itaua Barua ya Saa 48

Kila maandamano yakitajwa Arusha au Moshi, hoja ile ile inarudi: wanaotaka kuandamana wawalipe askari na wafagiaji, wasitubebeshe sisi wengine. Wanaoisema zaidi ni wafanyabiashara wa Barabara ya Sokoine jijini Arusha, ambao siku hiyo wanafunga maduka. Hasara yao ni ya kweli. Ila dawa wanayoitaka itawaumiza wao kwanza.

Tuanze na barua. Sheria ya Jeshi la Polisi na Polisi Wasaidizi, Sura ya 322, inamtaka mwandaaji atoe taarifa ya maandishi kwa mkuu wa polisi wa eneo, si chini ya saa 48 kabla, akitaja mahali, saa na madhumuni. Kwa OCD, yaani mkuu wa polisi wa wilaya, anayejua kazi yake, karatasi ile ina faida kuliko washawasha. Anapata jina la mtu na namba ya simu. Anamwita ofisini, wanakubaliana njia, tuseme kutoka Kilombero kufuata Sokoine hadi Mnara wa Saa. Wanapanga trafiki wafunge upande upi, daladala zigeuzwe wapi, gari la wagonjwa liendalo Hospitali ya Mount Meru lipite wapi. Wanakubaliana idadi ya wasimamizi wenye vizibao, na nani atapigiwa simu msafara ukianza kukatika vipande viwili, maana hapo katikati ndipo bodaboda wanapopenya na ugomvi wa kwanza unapoanza.

Sasa ambatanisha bili na barua hiyo. Itamwendea nani? Aliyesaini, kwa sababu ndiye pekee anayejulikana. Mtu mwenye nyumba na watoto wanaosoma hatasaini tena, na simlaumu. Wito utasambaa WhatsApp bila mwenyewe. Watu watatokea Ngarenaro, Unga Limited na Kaloleni kwa wakati mmoja, bila njia iliyopangwa, bila wasimamizi, bila mtu wa kupigiwa. Polisi watalazimika kukisia, na askari anayekisia huita wenzake wengi kupita kiasi. Gharama itapanda, na wa kumdai hatakuwepo. Mwenye duka aliyeishangilia bili hatapata hata zile saa 48 za kujua afunge lini na afungue lini.

Watakaobaki wanasaini ni wenye fedha. Chama kikubwa kitachangisha kilipe. Wapagazi wa mlimani wanaodai ujira wao hawataweza. Akina mama wa mtaa uliokaa bila maji hawataweza. Ibara ya 20 ya Katiba inatoa uhuru wa kukutana kwa kila mtu. Haikuwapa wenye akaunti benki peke yao, na jambo hili linanikera kuliko mengine yote.

Kisha kuna bei yenyewe. Idadi ya askari inapangwa na polisi. Magari mangapi yatoke, FFU, askari wa kutuliza ghasia, waje au wasije, mabomu ya machozi yapigwe au yasipigwe, yote hayo mwandaaji hana sauti nayo. Tena kadiri wanaokuchukia wanavyotishia kukuvamia, ndivyo ulinzi wako unavyopanda bei, na wewe hujamgusa mtu. Mwaka 1992 Mahakama ya Juu ya Marekani ilifuta utaratibu wa kaunti ya Forsyth, Georgia, uliompa ofisa uwezo wa kupanga ada ya hadi dola 1,000 kwa siku. Ada iliyogombewa ilikuwa dola 100 tu. Mahakama ilikataa bei ya kusema ipangwe kwa kupima wasikilizaji watakavyokasirika.

Halafu, askari wa Tanzania halipwi na halmashauri. Jeshi la Polisi liko chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani na mishahara inatoka Serikali Kuu. Jiji la Arusha au Manispaa ya Moshi ikidai gharama za ulinzi, itakuwa inadai fedha ambayo haikuitumia.

Mei Mosi ya mwaka 2024 ilifanyika kitaifa hapa Arusha. Wafanyakazi waliandamana, na ulinzi ulikuwa kazi ya serikali, kama ilivyostahili.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba si kila msafara ni sawa. Mbio zenye kiingilio na wadhamini zichangie, ni biashara. Na mali ikivunjwa, aliyevunja ashitakiwe na alipe fidia. Mwaka 2012 Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini, katika shauri lililotokana na maandamano ya walinzi wa chama cha wafanyakazi cha SATAWU mjini Cape Town mwaka 2006, ilikubali kwamba hata waandaaji wanaweza kudaiwa uharibifu, isipokuwa wakithibitisha kuwa haukutarajiwa na walifanya kila linalostahili kuuzuia. Huo ni uharibifu, si mshahara wa askari wala ufagio. Kuhusu hayo mawili, Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilisema mwaka 2020 kwamba, kwa jumla, kuwatoza waandaaji wa mikusanyiko ya amani hakuendani na Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa, ambao Tanzania ilijiunga nao mwaka 1976.

Taka zina ufumbuzi rahisi. Zinazobaki nyuma ya msafara ni chupa za maji, karatasi na mabango. Maji yakiletwa kwenye madumu yenye bomba, chupa nyingi zinaondoka. Mabango yakusanywe pale pale msafara unapoishia, kabla watu hawajatawanyika, kwa sababu baada ya hapo yanaishia mtaroni na mvua ya kwanza inayasukuma Mto Themi. Kwa watu 500, wasimamizi 20 waliogawana viroba 40 wanaweza kuimaliza kazi hiyo wakitembea nyuma ya msafara.

Haya yaandikwe kwenye ukurasa mmoja unaoambatana na barua: wasimamizi wangapi, madumu mangapi, viroba vikusanywe wapi. Nakala moja ibaki kwa OCD, nyingine iende kwa ofisa mazingira wa halmashauri, ili gari la kwenda dampo la Muriet lipangiwe saa yake.