Cursor, Slack na swali la nani anashika ufunguo

Kila kampuni changa ya akili mnemba inapotangaza mtaji mpya, wapo wa kusema: hawa hawana chao, wanauza modeli ya mwingine (ile programu iliyofunzwa inayotunga majibu) kwa sura mpya, na siku Microsoft ikiamka, kwisha habari yao. Ushahidi upo. Jasper, iliyokuwa ikiuza huduma ya kuandika matangazo kwa modeli za OpenAI, ilithaminiwa dola bilioni 1.5 Oktoba 2022. Mwezi uliofuata ChatGPT ikaja bure. Mwaka 2023 Jasper ikapunguza wafanyakazi. Tena kampuni kongwe zina mikataba na wateja, zina na idara za usalama wa data, na meneja wa benki hana hamu ya kusikia nyaraka zake zimepita kwenye seva za vijana waliomaliza chuo juzi.

Lakini tazama uandishi wa programu. Microsoft ilikuwa na kila kitu: GitHub, ghala la msimbo wa programu, iliyoinunua 2018, kihariri cha kuandikia msimbo cha VS Code, mabilioni iliyowekeza OpenAI, na Copilot, msaidizi wa kuandika msimbo, iliyoanza kuuzwa Juni 2022 kwa dola 10 kwa mwezi. Vijana wanne kutoka MIT wakachukua msimbo wazi wa VS Code hiyohiyo, ambao yeyote anaruhusiwa kuutumia, wakaugeuza kuwa kihariri chao, Cursor, wakauza kwa dola 20, na mapema 2025 mapato yao yalishafikia kiwango cha dola milioni 100 kwa mwaka. Copilot ya mwanzo ilikisia mistari inayofuata pale kishale kilipo. Cursor ilibashiri hata sehemu nyingine ya faili inayohitaji kurekebishwa. Unabonyeza kitufe cha Tab, umefika. Kwa anayeandika msimbo kutwa nzima, hilo si pambo.

Kinachonitia shaka ni kingine. Aprili 2025 watumiaji wa Cursor walikuta kiendelezi (programu ya nyongeza) cha Microsoft cha lugha ya C++ kimegoma. Leseni yake tangu zamani ilikibana kwenye bidhaa za Microsoft, ila sasa ndipo sharti likaanza kuuma. Mwezi uliofuata Salesforce, inayomiliki Slack, programu ya mazungumzo ya kazini, ikazuia programu za nje kuchota ujumbe kwa wingi na kuuhifadhi. Glean, inayouza utafutaji wa taarifa za ofisini, ikabidi iwaarifu wateja wake kuhusu zuio hilo. Salesforce ilisema inalinda data. Huenda. Ila ujumbe ule uliandikwa na wafanyakazi wa mteja, na mteja huyohuyo ndiye anayelipia Slack na Glean pia. Tangu lini mwenye nyumba akaamua mpangaji amwazime nani vyombo vyake?

Wauza modeli nao wameingia sokoni. Anthropic, ambayo Cursor inategemea modeli zake, ilitoa zana yake ya kuandika msimbo, Claude Code, Februari 2025. Oktoba Cursor ikatoa modeli yake yenyewe, Composer. Wengine wataiita tamaa. Mimi naona ni kujihami, na Cursor walau ina mfuko wa kujihami. Glean haina njia hiyo. Modeli hujengwa kwa fedha, lakini mazungumzo ya miaka mitano ya mteja yaliyoko Slack hayajengwi upya kwa fedha yoyote.